Bidoni ya Kamba Nyekundu

Kalundu, Uvira, tarehe 9 Februari

Michée wangu,

Na lile la mwisho ambalo sikulimaliza pale bariyeri ni kwamba shati lako la bluu sitalifua. Marie-Rose muuza samaki alikuwa ananivuta mkono, askari anapiga kelele kwamba mwanaume asiyevuka leo hatavuka tena, na mimi nikabaki na neno mdomoni. Shati limetundikwa kwenye msumari juu ya chupa zako. Kila nikienda kuzikagua nalinusa kwanza. Wiki tano za ndoa, na mume wangu ameniachia shati moja, mama mmoja na chupa kumi na mbili tupu za mayonezi. Sijui mwanamke mwingine Uvira nzima mwenye bahati kama yangu.

Inabidi nikuandikie kwenye karatasi. Antena bado imezimwa, na yule jirani aliyeshikwa ufukoni akitafuta réseau ya Burundi kwa simu yake aliitwa mpelelezi na hajarudi. Marie-Rose anasema mpaka utafunguliwa siku mbili kwa wiki, kwa wanawake wenye mabeseni tu. Barua zetu zitalala chini ya ndagala zake. Ukipata bahasha inayonuka samaki, ujue ni ya mapenzi.

Lile dumu la maji ya ziwa, bidoni ya njano uliyoifunga kamba nyekundu, lipo mahali pake, na hakuna anayeigusa. Mama anaipita akiitazama kwa pembe ya jicho. Jana aliniuliza, "Hii ndiyo maji ya wale watoto wa Michée?" Nikasema ndiyo, Mama, ni ya kuvu tutakazootesha kwenye chupa. Akasema, "Basi wako na baba mzuri."

Asubuhi hewa ikiwa safi naona majengo ya Bujumbura ng'ambo ya maji, meupe, na ninachagua moja na kusema ni hapo. Kila siku nachagua jingine.

Mke wako (bado napenda kuliandika neno hilo),
Apolline


Bujumbura, tarehe 10 Februari

Apolline,

Bahasha ilinuka samaki, nami nikaijua kabla ya kuifungua.

Labo ya chuo ni nzuri, maabara ya kweli. Profesa Niyonkuru ni mtu mfupi, mkali, anayeamini kitu akikiona mara mbili. Kwake sina jina bado, mimi ni "yule Mkongomani wa udongo". Nilimweleza habari ya shamba la marehemu baba kule Kiringye, pale karibu na kichuguu ambapo mizizi ya muhogo haiozi. Kuvu niliyoitoa pale nikiiweka sahani moja na kuvu nyingine, zile nyingine zinasimama mbali nayo kama watu waliotukanwa. Inatoa kitu. Ni kitu gani, ndilo swali langu. Nina miezi mitatu ya kulijibu. Nikilijibu, Profesa atanibakiza na kutuombea karatasi ili uje tuishi hapa. Nisipolijibu, nitarudishwa Uvira, na unajua vijana wanaorudi siku hizi wanashikwa na kupelekwa vitani.

Kuvu yenyewe sikuweza kuvuka nayo, kwa hiyo sikiliza. Mchele wa kuoteshea kuvu upikwe kwa maji ya bidoni yenye kamba. Chupa zichemshwe kwa mvuke saa nzima, siku tatu mfululizo. Kisu kipite motoni kabla ya kugusa ile sahani ya mbegu ya kuvu niliyokuachia. Andika namba na tarehe kwenye kila chupa, kisha uzibe kwa pamba. Na maji yasiwe na kloro, hata tone. Kuna kuvu za udongo zenye tabia ya ajabu: huchukua chumvi kidogo iliyomo majini na kutengeneza kitu chenye kloro ndani yake, kwa ujuzi wao wenyewe. Kama yetu ni ya namna hiyo, nataka niweze kusema ni yenyewe iliyofanya, si dawa ya maji ya Dieudonné pale ufukoni.

Nyinyi mnywe maji ya kloro. Kolera haijali kwamba umeolewa juzi.

Wako,
Michée


Kalundu, tarehe 22 Februari

Michée wa moyo wangu,

Nimezipanda. Chupa ya 1 mpaka ya 6, tarehe 14, kwa mkono wangu. Nilivaa kile kitenge cha siku ya pili ya arusi ili zijue ni siku kubwa.

Ungeona kazi niliyoipata ufukoni. Dieudonné wa kituo cha kloro amesimama na bomba lake la sindano, anapiga dawa kila bidoni inayopita. Yangu nikaificha nyuma ya sketi. Akaniita, "Madame Michée, hiyo nyingine?" Nikamwambia hii si ya kunywa watu, ni ya kuvu. Akaangalia wenzake. "Sasa hao kuvu ni wa kabila gani wasioogopa kolera?" Watu wote wakacheka, hata mimi, lakini aliniacha nikapita.

Na sasa nikuambie kitu kitakachokufurahisha. Mama na mimi tumekuwa kitu kimoja. Unajua alivyokuwa ananitazama mwanzoni kama mgeni aliyekaa sana. Wiki iliyopita nilimpelekea kikombe cha asubuhi, nikapiga magoti kama mlivyonifundisha. Akaonja akakunja uso. "Hii iko na harufu ya hospitali. Kuvu wanakunywa maji ya ziwa, na minye niliyezaa baba yao nakunywa dawa ya kufulia?" Nikasema Mama, Michée amekataza. "Michée nilimnyonyesha na hii hii maji. Weye unaogopa nini?" Mkamwana gani angekataa? Nikamwaga, nikamjazia kutoka bidoni yenye kamba. Alikunywa yote akafunga macho, kisha akanishika shavu akaniita "binti yangu". Tangu siku hiyo kila asubuhi nampa kikombe chake, nami nakunywa yangu ya dawa kama ulivyosema, tunatazamana na kucheka.

Kosa moja: chupa ya 4 imevunjika. Mama alisema iliteleza alipokuwa anafagia. Usimkasirikie. Zimebaki tano, nyeupe kama pamba.

Wako, wako, wako,
Apolline


Bujumbura, tarehe 26 Februari

Apolline,

Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Ndiyo Mama kabisa. Mpe tu maji yake, usigombane naye kwa ajili yangu. Ameyanywa miaka sitini. Ziwa linamjua kuliko linavyotujua sisi. Na kwamba amekuita binti, hilo limenilaza vizuri.

Chupa tano zinatosha. Mtume Marie-Rose nazo.

Michée


Kalundu, tarehe 10 Machi

Mume wangu mpenzi,

Nisamehe kwa ukimya. Hapa ni salama, tunamshukuru Mungu. Mama amekwenda Kiringye, Papa Cyprien, kaka wa marehemu baba yako, alimchukua, kuna kazi ya shamba. Anakusalimu sana.

Zile chupa tano hazikufika. Tarehe 3 kwenye bariyeri walizifungua, mmoja akasema ni sumu, wakazipiga mawe moja moja. Marie-Rose hawakumfanya kitu. Nilipanda nyingine siku iliyofuata, ya 7 mpaka ya 12, na safari hii amezizungushia unga wa muhogo ndani ya beseni. Hizo hapo. Naomba zifike.

Nyumba ni kubwa bila ninyi wawili. Nafagia mara tatu kwa siku. Nakupenda, Michée. Nilitaka kuandika kurasa nyingi lakini kalamu haina wino mzuri.

Apolline wako


Bujumbura, tarehe 24 Machi

Apolline, Apolline,

Zilifika zote sita, na hii ndiyo barua niliyokuwa naiandika kichwani tangu nivuke.

Tunasuuza wali wenye kuvu kwa kiyeyusho cha labo, tunaukausha mpaka ibaki gundi kidogo chini ya chupa. Kuna jaribio la zamani sana: unachovya waya wa shaba katika gundi hiyo, unaupitisha motoni. Kama kuna kloro iliyoshikana na kitu cha uhai, moto unageuka kijani. Chupa ya 9. Nilipitisha waya na moto ukawa kijani kama jani changa la mgomba. Profesa akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaninyang'anya waya akarudia yeye mwenyewe.

Kisha mashine ya kupima uzito wa molekuli. Kitu chenye kloro huchora vilele viwili, kimoja kirefu na cha pili theluthi yake, vimesimama karibu kama mama na mtoto. Vilikuwepo. Profesa amepekua vitabu vyote alivyonavyo na hakuna kitu chenye uzito huo. Amekiandika ubaoni kwa jina nililompa: apolinini. Jina langu ameliandika chini yake, kwa mara ya kwanza.

Tarehe 20 Aprili wanakuja wageni wa kutoka vyuo vingine, na nitasimama mbele yao. Ameniuliza maji yalikuwa ya namna gani. Nilijibu kwa kujivuna: ya ziwa, yasiyotiwa kitu, yamechotwa na mke wangu.

Mbona Mama hatumi neno hata moja? Shamba gani hilo lisilokwisha? Namtumia sandali, namba 39, za soli laini, maana vidole vyake vinamuuma. Mwambie azivae, asizifungie sandukuni kama kawaida yake.

Mume wa apolinini,
Michée


Kalundu, tarehe 30 Machi

Michée,

Sandali zimefika. Mama amezipenda.

Nimefurahi mpaka nikalia, Marie-Rose ni shahidi. Lakini jina langu ulifute kwanza. Mimi ni mtu wa diploma ya pedagojia tu, ya kufundisha watoto, nitaonekanaje kwenye ubao wa maprofesa. Na nilitaka kukuuliza, kwa kujua tu. Kama katika maji ingeingia kloro kidogo kwa bahati mbaya, kitu kingeharibika sana?

Apolline


Bujumbura, tarehe 3 Aprili

Mpenzi,

Jina halifutwi.

Kuhusu swali lako: ndiyo, kingeharibika chote. Kloro ya dawa ni kali, inajibandika yenyewe juu ya vitu vya kuvu na juu ya wali, bila kuombwa. Ingekuwa hivyo, tungekuwa tumegundua dawa ya Dieudonné. Lakini najua mikono yako.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo linanisumbua. Profesa anataka kukiona mara mbili, unamjua. Tangu chupa zako zilipofika nilipanda nyingine hapa, kuvu ileile, mchele uleule, maji ya ziwa ya upande huu. Wiki tatu sasa. Zimeota vizuri, nyeupe. Waya ukipita, moto haubadiliki. Profesa anauliza kila asubuhi: za mke wako zina nini ambacho zako hazina? Niandikie kila kitu ulichofanya, siku kwa siku, tangu kuchota maji. Hata jambo dogo. Zimebaki wiki mbili na siku tatu.

Michée


Kalundu, tarehe 7 Aprili

Michée, mume wangu,

Keti kwanza. Kama unasoma umesimama kwenye korido, tafuta kiti. Sina njia nyingine ya kukuketisha.

Mama alifariki tarehe 28 Februari, saa tisa mchana. Ni kolera.

Sikuruhusiwa kukuandikia. Siku ya mazishi Papa Cyprien aliita familia akasema, "Kifo cha mzazi hakiandikwi kwenye karatasi. Mtoto anaitwa, anaketishwa, na mkubwa wa upande wa baba yake ndiye anamwambia. Tukimwita Michée leo watamshika bariyeri. Tunyamaze." Kisha akanigeukia mimi. "Na weye mkamwana wa miezi miwili, si weye wa kutangaza." Habari ya Kiringye alinipa yeye, nami nikaiandika. Ya sandali niliitunga mwenyewe.

Ningenyamaza mpaka leo. Lakini unaniuliza maji, na siwezi kukuambia maji bila kukuambia Mama.

Ilianza alfajiri. Kilichotoka kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Nilitafuta taximoto, nikamweka katikati yangu na dereva, nimemfunga kwenye mgongo wa dereva kwa kitenge. Darajani walitusimamisha. Walitaka kujua tunakimbia nini. Mmoja alimwangalia Mama akasema tupite, mwingine akasema kwanza karatasi. Tulikaa pale mpaka jua likawa juu. Kwenye kituo cha kolera vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima, na muuguzi hakupata mshipa mkono wa kulia wala wa kushoto. Aliomba maji. Alisema, "Si ile ya dawa, binti yangu." Nikamwambia hapana, Mama, si ya dawa. Ilikuwa ya dawa.

Rudi kwenye barua yangu ya tarehe 22. Nilikuandikia nikifurahi. Kila asubuhi nilipiga magoti na kumpa kikombe kile kwa mikono yote miwili, kwa heshima. Barua yako ya kusema nimpe ilifika tarehe 3 Machi. Nilikuwa nimeshampa.

Mimi nilikunywa ya kloro. Ndiyo maana bado nipo.

Baada ya mazishi walikuja watu wenye mabomba wakapuliza nyumba nzima na kuniachia kopo la dawa. Nilitia kila chombo. Bidoni yenye kamba nilitia vizibo vitatu kwa mara moja. Sikuwa nawaza kuvu, Michée. Nilikuwa naipiga ile bidoni. Na tarehe 4, Marie-Rose alipokuja kusema chupa zako zimevunjwa, sikuwa na miguu ya kushuka ziwani. Nilipika mchele kwa maji hayo hayo.

Kwa hiyo chupa ya 9 ni ya kloro. Zote sita ni za kloro. Mwambie Profesa kabla ya tarehe 20, usisimame mbele ya watu na kitu changu cha uongo.

Sandali zipo mlangoni mwa chumba chake. Hazijavaliwa.

Apolline


Bujumbura, tarehe 14 Aprili

Apolline,

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilifikiri ni mchezo wako, kama ule wa shati.

Nimemwambia Profesa. Alichukua kitambaa akafuta ubao, polepole, jina langu akalimaliza mwisho. Kisha akaniletea chai. Tarehe 20 mtu mwingine atazungumza. Staji yangu, ile miezi mitatu ya mazoezi, inaisha tarehe 10 Mei.

Siku tano nilishindwa kukuandikia, kwa sababu kila sentensi niliyoianza ilitaka kukulaumu. Nikakulaumu kwa kunificha. Nikakulaumu kwa kikombe. Halafu nikaikumbuka barua yangu. Unayo, usiichome. Ziwa linamjua, niliandika. Mimi niliyesomea kemia. Mimi niliyekuachia nyumbani bidoni ya maji ya kolera, nikaifunga kamba nyekundu ili ionekane ni kitu kizuri. Na jioni ile aliyokufa nilikuwa nakula ndagala na Marie-Rose hapa Bujumbura, nikimsimulia habari ya Mama na maji yake, tunacheka. Naye Marie-Rose alikuwa bado hajui.

Kuna swali moja, na ninaona aibu kuliuliza. Ipo chupa yoyote ya kabla ya tarehe 28? Hata kipande cha kioo chenye kuvu. Kama haipo usijibu.

Michée


Kalundu, tarehe 21 Aprili

Michée,

Ipo.

Siku arobaini zilipopita Shangazi Blandine alikuja kufungua chumba cha Mama ili tufue nguo. Nyuma ya kitanda, upande wa ukuta, kulikuwa na kitu kimefungwa katika kitenge cha kanisani. Chupa ya 4. Pamba ipo, tarehe 14 Februari kwa mwandiko wangu. Haikuvunjika. Alinidanganya.

Shangazi alicheka huku analia. Kumbe Mama alikuwa amemwambia, "Chupa moja ya mwanangu nitaitunza minye. Yule bibi arusi anazikaa juu mno, mara ananusa shati, mara anaimba. Itaota vibaya."

Sikujua kama inafaa kitu, nikaiacha palepale mpaka barua yako ilipofika. Sikuifungua. Haina tena weupe ule. Imekuwa ya rangi ya tofali, na kwenye kioo kuna matone. Hayo ni maji ya wiki zile, Michée. Yaleyale. Vaa glavu.

Marie-Rose ataibeba tumboni chini ya nguo, atavuka kama mwenye mimba. Alisema kwa umri wake askari atamwogopa Mungu na hatamgusa.

Sijui kama nina haki ya kukuambia nakupenda katika barua hii. Nakupenda.

Apolline


Bujumbura, tarehe 6 Mei

Apolline,

Nilisubiri mpaka nikaona mara mbili.

Ni kijani. Hafifu kuliko ile ya chupa ya 9, Profesa alizima taa na kufunga mapazia ili tuione, lakini ni kijani. Na mashine imechora vilele viwili, kimoja kirefu na kingine theluthi yake. Uzito uleule. Profesa alipima na tone la maji tulilolifyonza humo: chumvi ya kawaida ya ziwa, hakuna alama ya dawa. Kuvu ya Kiringye inafanya kazi hiyo yenyewe. Inahitaji tu muda mrefu, wiki tisa gizani, na mtu asiyeifungua. Mimi ningeifungua wiki ya tatu na kuitupa.

Za kwako za kloro zilipatia haraka kwa sababu ya dawa, si ya kuvu. Hii imepatia kwa haki.

Amenibakiza mwaka mmoja. Ameandika barua ya kuombea karatasi zako. Wenzangu walinipongeza, nikaenda kukaa chooni mpaka watoke. Bado hakuna anayejua kitu hiki kinafaa nini. Pengine hakifai chochote. Nilipokishika mkononi, vumbi kidogo la njano katika kichupa, nilifikiri: kila chembe ya kloro iliyomo ilitoka katika maji yale aliyokunywa.

Profesa anataka jina jipya. Nimefikiria kukiita kwa jina la Mama. Niambie wewe, ulikuwa naye.

Siwezi kuja. Wanaume bado hawapiti.

Michée wako


Kalundu, tarehe 12 Mei

Michée wangu,

Usikipe jina la Mama. Angekasirika. Mtu aliyekimbia kloro maisha yake yote, umfunge nayo katika vitabu mpaka mwisho wa dunia? Kipe jina la Kiringye. Pale ndipo kilipotoka, na shamba halina kinyongo.

Bidoni yenye kamba niliikata jana kwa kisu cha muhogo, vipande vidogo, Dieudonné akanisaidia kuvichoma. Kamba nimeiweka. Shati lako la bluu nimelifua. Lilikuwa limeanza kunuka dawa, na sikupenda likae na harufu hiyo badala ya yako.

Papa Cyprien alijua kwamba nilikuandikia. Alikuja amekasirika, akakaa uani, nikamletea maji ya kunywa. Aliyatazama sana kabla ya kunywa. Kisha akasema, "Ulimwambia, lakini hukumketisha. Kwa hiyo kazi bado iko." Nikamwuliza nani ataifanya na wakubwa wa kiume hawavuki. Akasema, "Nakupa mdomo wangu. Nenda weye."

Basi Marie-Rose amelipeleka jina langu kwenye orodha ya wanawake wa mabeseni. Nitavuka na ndagala kichwani, mimi ambaye sijawahi kuuza hata kiberiti. Amenifundisha kupiga kelele ya bei na anasema sauti yangu ni ya mwalimu wa watoto. Ndani ya beseni, chini kabisa, nitaweka sandali.

Tafuta viti viwili. Usije kunipokea mpakani, usinikumbatie kwanza, hata kama nami nitataka. Keti. Uniulize Mama yuko wapi, kama mtu asiyejua, na mimi nitakuambia kwa mdomo, tangu kikombe cha kwanza. Baada ya hapo tutakuwa watu waliooana.

Nitafika kabla mwezi huu haujaisha.

Mke wako,
Apolline